Upawa Dirishani

Bluff, 1 Juni

Kwako Bibi yangu Huria,

Salamu zangu zinatoka huku zikiwa zimeloa, maana upepo wa Bluff haujawahi kumsubiri mtu afunge bahasha. Mimi ni mzima. Shangazi Ripeka ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Paka wako amenenepa na mimi sihusiki.

Naandika kwa sababu ulisema simu inakunung'unikia sikioni kama nzi aliyefungiwa chupani, na anayetaka habari zako ashike kalamu. Nadhani ulitaka kunikomoa, maana unajua shule niliiacha ikiwa bado inanitafuta. Haya, kalamu ninayo. Tuone nani atachoka kwanza.

Tumerudi juzi kutoka kisiwani. Makinda ya ndege wa bahari tunayovuna huko yalikuwa manono mwaka huu mpaka mengine yalishindwa kukimbia, yakakaa tu mlangoni mwa mashimo yao kama wazee wanaongoja chai. Ndoo zimejaa, chumvi imeenea, na tumeshafunga kibanda. Nafasi yako kwenye benchi la kunyonyolea ilikaa wazi miezi miwili. Hakuna aliyethubutu kuweka makalio pale, hata yule binamu wa Riverton asiyejua adabu. Nilijaribu ule mkono wako wa kufagia manyoya mara tatu, kinda linabaki laini kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kinda langu lilitoka kama mtu aliyenyolewa na adui yake. Lakini kwa kasi nilikuwa wa pili kisiwa kizima, na aliyenipita ana miaka hamsini kazini, kwa hiyo kwa hesabu ya haki mimi ndiye wa kwanza.

Sasa neno lenyewe. Shangazi kaniambia huinuki kitandani huko hospitalini. Kasema nyonga iliyovunjika imeunga vizuri, daktari hana lawama na mfupa, ila wewe umegeuzia uso dirishani na ukiguswa unawaambia wakuache. Kasema katikati ya Agosti watakupima: hatua ishirini mpaka mlangoni na kurudi, kisha ngazi tatu. Ukiweza, unarudi Bluff. Usipoweza, unahamishiwa nyumba ya wazee hukohuko Dunedin mpaka siku zako ziishe, na nyumba yetu inatiwa kufuli. Aliyasema yote hayo huku anakaanga mayai, wala hakuinua macho.

Nilikwenda kufungua makabati yako.

Shangazi kasema dirishani kwako mtu haoni kitu ila paa na mti mmoja mkavu. Kwa hiyo nimekutengenezea nyumba ya kulishia ndege, inabandikwa kwenye kioo kwa nje. Ukuta wake ni ule mkebe wako wa kijani wa kuwekea mkate. Miguu yake ni vile vikombe vinne vya mpira vinavyong'ang'ania kioo, vya kutundikia sabuni bafuni. Kitulio cha ndege ni henga la kutundikia koti la Babu, nimelinyoosha. Na chakula, Bibi, nimewatilia mafuta ya ndege wetu wa kisiwani, kutoka ndoo mpya kabisa, nimeyagandisha na shayiri. Ndege wa mjini hawajawahi kuonja kitu cha namna hiyo. Watakuja wamefunga tai.

Shangazi anakuletea Jumamosi. Mimi ningekuja, ila kazini chaza za kufungua zimekuwa nyingi.

Nyumba iko salama. Paa halivuji, jiko linawaka, bawaba za mlango wa mbele nimezipaka mafuta hazilii tena.

Ni mimi mjukuu wako,
Fundi Manihera


Dunedin, 12 Juni

Manihera,

Salamu zako nimezipokea, nimezianika kwenye bomba la joto. Huku kuna umande unaoganda. Chakula hakina chumvi na chai haina rangi. Barua yako nimeisoma kwa msaada wa Bwana Mackie, mfuga kondoo wa Ranfurly aliye chumba cha pili. Yeye husukumwa kwenye kiti cha magurudumu kuja kunywa chai kwangu, kwa sababu dirisha lake linatazama ukuta. Kasema mwandiko wako unafanana na nyayo za kondoo kwenye tope. Kasema hivyo kwa heshima.

Sasa nisikilize, fundi.

Dirisha langu liko ghorofani, na linafunguka kiganja kimoja tu, kwa chini. Kuna chuma kinalizuia ili wazee tusiruke. Mkebe wako haupiti hapo hata ukiukunja. Losa, yule Msamoa anayetufanyisha mazoezi, alimbembeleza fundi wa jengo apande ngazi kwa nje aubandike. Alipanda, akabandika, akashuka anatukana.

Nilikuwa nimelala kama kawaida yangu. Akaja ndege tauhou mmoja, mdogo, kijani, na ile pete yake nyeupe jichoni, akatua kwenye henga la mume wangu. Ndipo nikakumbuka umeandika umewatilia nini. Manihera, una akili au umeziacha kisiwani? Mafuta yale yamelala kwenye chumvi. Tauhou ana uzito wa karatasi hii ninayoandikia. Kipande kimoja cha chumvi ile kingemgeuza miguu juu. Na hata yasingekuwa na chumvi, ndege unamlishaje mafuta ya ndege? Ni sawa na mimi nikualike chakula, nikupikie binamu yako wa Riverton.

Nilipiga kelele mpaka Losa akaja mbio na taulo. Ndege akaruka. Fundi akapanda tena kuondoa chakula, akasema hapandi mara ya tatu hata aje malaika. Ule mkebe mtupu nao ulianguka alfajiri, maana vikombe vya mpira vikipata baridi ya huku vinakufa ganzi na kuachia kioo.

Losa alisimama pale na taulo lake ananitazama. Akaniambia, "Mama Huria, umekaa." Nami nikaona kweli nimekaa, miguu inaning'inia. Nikamwambia anilaze.

Ukitaka kuwalisha, chukua mafuta ya ng'ombe yasiyo na chumvi. Au chungwa la kukatwa nusu. Au maji ya sukari: nusu kikombe cha sukari kwa vikombe vinne vya maji. Asali usitie, huchacha na kuwatia ugonjwa. Mkate nao uache, mkate utakuitia shomoro wa mji mzima.

Lakini usijisumbue.

Bibi yako,
Huria


Bluff, 17 Juni

Kwako Bibi uliyekaa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa heshima. Salamu kwa Bwana Mackie, mwambie kondoo wenyewe ndio walionifundisha kuandika. Shangazi amepata mafua, amenyamaza siku mbili, nyumba ina amani. Kazini nimefungua chaza nyingi kuliko Kereopa mwenye mikono kama makoleo, akasema kisu changu kina uchawi. Nikamwambia kisu ni kilekile, tofauti ni mwenye mkono.

Ile habari ya chumvi nimeikubali. Ni kosa. Nilitaka uone kitu cha kwetu pale dirishani, basi. Sikufikiri upande wa ndege.

Ila uliponiambia nisijisumbue, ulikosea mtu. Kiganja kimoja, umesema? Kiganja kimoja ni barabara kuu kwa mtu mwenye akili. Nimeleta chombo cha pili, na hiki hakihitaji ngazi wala malaika. Soma polepole.

Unaukumbuka upawa wako wa supu, ule wa mpini mrefu kama mkono wangu? Kikombe chake ndicho sahani ya ndege. Unapitishwa kwenye upenyo, kikombe kinabaki nje hewani, mpini unabaki ndani kwako. Na ile mashine yako ya kusagia nyama, ya kufunga kwenye meza kwa skrubu? Nimeitoa matumbo yote nikabakiza mwili. Inafungwa kwenye kingo ya dirisha, na mpini wa upawa unapita katikati ya koo lake, umeshikwa imara, hautikisiki hata upepo wa huku ukija kuwatembelea. Kitulio ni sindano yako moja ya kufumia, nimeifunga kwa waya mbele ya kikombe. Ncha yake imetokeza makusudi, hapo unachomeka nusu chungwa. Paa ni kifuniko cha bati la biskuti, lile lenye picha ya farasi, ili mvua isizidishe maji kwenye sukari.

Ukitaka kujaza, unavuta upawa ndani, unaosha, unajaza, unausukuma nje. Maji ya sukari yabadilishwe kila siku, wewe mwenyewe unajua yanachacha. Kwenye mpini nimeandika kwa wino usiofutika: MKONO WA HURIA TU. Nimemwandikia na Losa kikaratasi, nimemwambia asome mpini.

Nyumba iko salama. Dirisha la jikoni nimelitia gundi mpya. Bomba la bafuni nimelinyamazisha.

Shangazi ataleta Jumamosi. Mimi nimebanwa tena na chaza.

Fundi Manihera, mara ya pili


Dunedin, 9 Julai

Manihera,

Ripeka atakuwa amekwambia sikujibu kwa sababu karatasi zimeisha. Karatasi zipo. Nilikuwa na hasira.

Chombo chako kilifungwa siku ileile. Losa alisoma mpini, akasema yeye ni mtu wa kufuata maandishi, akaweka chungwa na chupa ya maji ya sukari kwenye kingo ya dirisha, akaenda zake. Hakuna aliyekubali kujaza. Nilimwomba muuguzi wa usiku, naye akasoma mpini. Nilimwomba mfagiaji, akasoma mpini. Sijawahi kuona watu wanaopenda kusoma kama hawa. Basi nikasema, upawa na ukae mtupu, sisukumwi na mtoto. Ukakaa mtupu siku nane.

Siku ya tisa theluji ilianguka mpaka kwenye kingo. Akaja tauhou akatua kwenye sindano yangu. Akachungulia kikombeni, hamna kitu. Hakuondoka. Akageuka akanitazama kwenye kioo, manyoya yamemvimba kwa baridi mpaka amekuwa duara kama pamba. Wakaja na wengine wawili, wakabanana naye, wote watatu wananitazama. Nimelea watoto sita na wajukuu kumi na tisa. Yale macho nayajua.

Nikaweka miguu chini. Losa alikuwa mlangoni, sijui amesimama hapo siku ngapi. Alinishika kiunoni, nikasimama, dunia ikazunguka, nikakaa. Nikasimama tena.

Sasa nikwambie nilichogundua. Nilijaribu kuuvuta upawa nikiwa nimekaa kwenye kiti. Ukikaa, mpini unashuka, kikombe kinainuka, maji yote yanakuja mapajani. Nililowa mara tatu mbele ya Bwana Mackie. Ukisimama, upawa unateleza ndani umelala sawa kama mtumbwi, hata tone halidondoki. Ulipima makusudi, mwizi wewe. Ulimtuma Ripeka apime urefu wa dirisha, akadhani anapima mapazia.

Sitakushukuru. Lakini nitakwambia walivyo, maana ni dhambi kunyamazia. Wanakuja asubuhi kabla ya uji, kwanza wawili, halafu kundi. Jana nimehesabu kumi na nne. Ulimi wao una kama brashi nchani. Nimekaa nao karibu kiasi cha kuuona ukiingia kwenye sukari. Mmoja ana mguu mmoja mbovu na ndiye mwenye kelele kuliko wote, nimempa jina la Ripeka, usimwambie. Bwana Mackie aliitazama ile mashine ya nyama kwa nusu saa akiwa ameinamisha shingo. Kasema maisha yake yote ametengeneza mageti kwa waya na hasira, na hajawahi kuona kitu kilichofungwa kwa akili namna hiyo. Aliuliza umesomea wapi. Nikamwambia kabatini kwangu.

Natoka kitandani mpaka dirishani: hatua nne, na fremu ya kutembelea.

Kiti cha mbele cha gari la Ripeka kimekuja kitupu tena.

Bibi yako,
Huria


Bluff, 14 Julai

Kwako Bibi wa hatua nne,

Barua yako nimeisoma mara tano, mara mbili kwa sauti pale kazini. Kereopa alifuta macho, akasema ni kitunguu. Huku hatufungui vitunguu.

Kuhusu kupima makusudi, mimi sijui unasema nini. Hayo ni mambo ya uhandisi. Mpini una uzito wake, koo la mashine lina mwinamo wake, mtu aliyeacha shule atajuaje? Lakini kama ningekuwa nimepima makusudi, basi ningekuwa kijana mwerevu kuliko wote kuanzia hapa mpaka Dunedin, na wewe ungekuwa umelowa mapaja kwa haki kabisa.

Bibi, hatua nne ni nyingi. Nimezipima hapa jikoni kwa miguu yako, maana viatu vyako vipo. Ni kutoka kwenye jiko mpaka kwenye kabati la vikombe. Zikifika saba utakuwa umefika mezani. Nimechora alama kwa chaki sakafuni na kila barua ikija nasogeza. Usinigombeze, chaki inafutika.

Watu wanauliza habari zako. Kanisani wanauliza, dukani wanauliza. Nawaambia bibi yangu anafundisha ndege wa Dunedin adabu. Wenye umri wako wanacheka, halafu wanakumbuka jinsi ulivyobeba ndoo mbili za makinda kutoka kibandani mpaka kwenye mashua na mawimbi yanafika magotini, wakati wanaume wanabeba moja moja na kulalamika. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nilidhani kila bibi yuko hivyo. Baadaye nikaona bibi za wenzangu.

Nyumba iko salama. Nimeondoa kutu kwenye geti. Sebuleni nimepiga rangi ukuta mmoja, rangi iliisha.

Kuja, ningekuja. Ila Jumamosi kuna mechi.

Mhandisi Manihera


Dunedin, 22 Julai

Manihera,

Salamu. Nimefika saba. Sogeza chaki mpaka mezani.

Leo alikuja korimako, yule ndege mwimbaji. Walitawanyika wadogo wote. Alining'inia kichwa chini kwenye sindano, akanywa, akafuta mdomo, akaimba akiwa karibu kiasi kwamba kioo kilitetemeka. Kama mtu anayegonga bilauri kwa kijiko, moja, mbili, halafu zote pamoja. Kwa masikio yangu haya nilimsikia. Bwana Mackie alivua kofia.

Umeniandikia paa, bomba, jiko, geti, dirisha, rangi ya sebuleni na bawaba za mlango wa mbele. Nyumba ile ina milango miwili. Unaingilia upi siku hizi?

Huria


Bluff, 6 Agosti

Bibi,

Nimeichelewesha hii. Nilianza mara nne. Paka kalalia mbili, mbili nimechoma.

Naingilia wa mbele. Mlango wa nyuma sijaufungua tangu Machi.

Uliniambia nitengeneze ile ngazi ya nyuma. Uliniambia Krismasi, nikasema kesho. Ukaniambia Februari, nikasema ubao ninao, nangoja misumari. Misumari ilikuwepo, Bibi. Ilikuwa kwenye bati lilelile la biskuti lenye farasi. Ukaniambia tena Jumatatu ile, nikakwambia wewe ni mwepesi kama tauhou, ubao hauwezi kukusikia. Nilikwambia hivyo na ukacheka. Alhamisi nikakukuta umelala pale chini na ubao umekatika katikati.

Kwenye gari la wagonjwa ulinishika mkono ukaniambia umejikwaa na paka. Ukawaambia wote hivyo. Shangazi mpaka leo anamlaumu paka. Mimi niko hapa namlisha samaki kila siku ndiyo maana amenenepa.

Wewe umeendelea kusema paka, mimi nikaendelea kusema chaza. Siyo chaza. Nikikaa kwenye kile kiti cha mbele nitafika, na nikifika nitakuona na ile fremu.

Jana nimefungua mlango wa nyuma. Nimeng'oa ngazi yote. Nitaweka mpya, ya mbao ya mashua, na yenye vishikio pande zote mbili. Kama hutaki kurudi kwenye nyumba ninayokaa mimi nitaelewa, nitahamia kwa Kereopa. Lakini utembee, Bibi. Utembee hizo hatua.

Manihera


Dunedin, 11 Agosti

Mjukuu wangu Manihera,

Salamu nyingi. Nimepokea barua yako na chai, nikaacha chai ikapoa.

Sasa nikueleze jambo nami, maana umenitangulia na sipendi kutanguliwa. Ubao ule ulikuwa mbovu miaka miwili. Nilikuwa naujua kama ninavyolijua jino langu baya. Kila siku nauruka. Alhamisi ile nilikuwa na ndoo mbili za maji ya kufulia, moja kila mkono, kwa sababu asubuhi yake Ripeka alikuwa ameniambia nimezeeka. Mtu mwenye ndoo mbili hauruki ubao. Nilijua hivyo nikiwa mlangoni, na nikashuka. Ulichelewa, ndiyo. Kuchelewa ni kwako, ndoo ni zangu.

Nilipokuwa hapa kitandani sikugeuzia uso dirishani kwa maumivu. Nilikuwa naona haya. Mwanamke aliyebeba makinda kwenye mawimbi, akaangushwa na maji ya kufulia. Nikasema basi, acha ikome hapa. Ndipo akaja yule ndege na chumvi yako.

Huhami. Kwa Kereopa kuna viroboto.

Ngazi iwe na vidato vitatu, visivyozidi kiganja kimoja na nusu kwenda juu. Losa ananipandisha hivyo kila jioni. Tarehe kumi na tisa ndiyo siku ya kupimwa.

Na umwambie Ripeka ukweli kuhusu paka.

Bibi yako,
Huria


Dunedin, 20 Agosti

Manihera,

Wamenipima jana. Walikuja watatu wenye karatasi. Mmoja alikuwa kijana kama wewe, ana saa kubwa. Akasema mama ukichoka tuambie. Nikatembea ishirini mpaka mlangoni bila fremu, kwa fimbo tu, nikarudi. Ngazi tatu, nikapanda, nikashuka. Akasema inatosha. Nikamwambia haijatosha, nikamchukua mpaka dirishani, nikavuta upawa mbele yake umejaa, nikamwuliza kama ameona tone likianguka. Hakuliona. Akapiga picha ile mashine ya nyama na kuandika jina lako.

Nimeshinda. Naweza kurudi.

Ila kuna tatizo, na ni lako wewe. Ni majira ya baridi bado. Ndege waliozoeshwa hawaachwi katikati ya baridi. Wameacha njia zao nyingine kwa ajili yetu. Ishirini na sita sasa. Nikiondoka kesho, keshokutwa watatua kwenye sindano waangalie kikombe kitupu. Nilimwambia Losa nitakaa mpaka miti ichanue. Akaniambia kitanda hakikodishiwi ndege, nina siku kumi. Nikamwambia basi ajaze yeye. Akanionyesha mpini.

Bibi yako,
Huria


Bluff, 24 Agosti

Bibi yangu bingwa,

Barua imenikuta kazini na nimepiga kelele mpaka wamedhani nimejikata. Chaki nimeifuta, maana jikoni hamna nafasi tena, hatua zako zimetoka mpaka barabarani. Ngazi imekwisha, nimeirukia nikiwa na Kereopa mgongoni. Shangazi nimemwambia. Alinipiga na kitambaa cha sahani, halafu akampa paka samaki mzima, akanipikia na mimi.

Lakini kweli mimi ni mjinga wa kusomea. Nimetega mtego wa kumtoa bibi kitandani, nao umemnasa asirudi nyumbani. Futa yale maandishi. Mwambie Losa fundi mwenyewe kabatilisha. Kwaruza na kisu. Au andika jina jingine juu yake, sijali la nani, la mfagiaji, la daktari, ilimradi awe na mikono.

Jumamosi nakuja. Kiti cha mbele. Nimeshamwambia Shangazi.

Manihera


Dunedin, 28 Agosti

Manihera,

Barua yako imefika asubuhi ya leo, nikaisoma kwa sauti kwa Bwana Mackie, pamoja na lile neno la kuandika jina jingine. Yule hajasimama tangu Mei. Madaktari wamemwambia anaweza, mwanawe amemwambia, Losa amemwambia kwa Kisamoa. Huwajibu kwamba amesimama miaka themanini akitazama makalio ya kondoo, inatosha.

Nilikwenda chooni. Niliporudi kiti chake kilikuwa kitupu.

Alikuwa ameshika kingo ya dirisha kwa mkono wa kushoto, amekunja magoti, shati limelowa jasho. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika upawa. Alikuwa anautukana kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilitaka kumshika, akasema, "Usiniguse, mama, utamwaga." Nusu ilimwagika. Nusu aliisukuma nje, polepole, mpaka kifuniko chenye farasi kikapita upenyo.

Hawakuja mara moja. Dakika nzima ilipita, na mguu wake unatetemeka mpaka kingo inalia. Losa alikuja na kiti nyuma yake, nami nikamzuia kwa mkono. Kisha akatua yule tauhou wa mguu mbovu. Halafu wote.

Aliwatazama mpaka kikombe kikakauka. Ndipo akakaa, akaomba kalamu, akaushika mpini.

Njoo Jumamosi. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi za nje na sanduku langu.

Huria